USHINDI WA BIKILA HAUKUWA WA NYAYO TU

Wapo watu, na wengine ni ndugu zetu wenyewe, ambao wakitajiwa Abebe Bikila hawakumbuki ila jambo moja: kwamba alikimbia bila viatu. Husema hivyo kwa kicheko, kana kwamba ushindi wa Roma ulikuwa kazi ya nyayo ngumu za mtu wa shamba. Maneno hayo tunayakataa. Ndani yake imo dharau ile ile ya kikoloni: Mzungu akishinda ana akili na bidii, Mwafrika akishinda ni maumbile tu.

Bikila alizaliwa Uhabeshi mwaka 1932. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu majeshi ya Mussolini yalipoivamia nchi yake. Mwaka 1937 Waitalia wakaichukua nguzo kubwa ya jiwe ya Aksum, wakaenda kuisimamisha Roma iwe nyara.

Alipokuwa askari wa ulinzi wa Mfalme Haile Selassie, alifundishwa mbio na Mswidi, Onni Niskanen. Si aibu kujifunza kwa mgeni anayekuheshimu. Walifanya mazoezi makali, na kule Roma waliikagua njia kabla ya siku yenyewe. Viatu alivyojaribu vilimwumiza, basi akaviacha. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake.

Tarehe 10 Septemba, 1960, katika mwaka ule ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mbio zilianza jioni na kumalizika usiku kwa mwanga wa mienge. Mwishoni walibaki wawili, wote Waafrika: Bikila na Rhadi ben Abdesselam wa Morocco. Karibu na nguzo ile iliyoibwa, Bikila aliongeza mwendo akamwacha mwenzake. Saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo kabla yake.

Wenye kusema ni nyayo, na watueleze habari ya Tokyo mwaka 1964. Safari hii alivaa viatu, tena wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Mwaka 1968 kule Mexico maumivu yalimtoa njiani, na mwenzake Mamo Wolde akaipokea kazi na kushinda. Mwaka 1969 gari lilimpindukia, miguu ikapooza. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza katika kiti cha magurudumu, akishindana kulenga shabaha kwa upinde. Alifariki mwaka 1973, akiwa na miaka 41.

Na ile nguzo? Italia ilikubali kwa mkataba wa mwaka 1947 kuirudisha. Bikila aliipita ikiwa bado Roma miaka 13 baadaye. Ilifika nyumbani mwaka 2005, na kusimamishwa tena Aksum mwaka 2008.