Ukishuka Mombasa, Pakia Vitu vya Mwili, Si vya Kamera

Wasee wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Kerugoya, tuongee ukweli. Disemba ikikaribia, kila grupu la WhatsApp lina mpango wa kushuka Mombasa au Diani, na swali huwa moja: "Utavaa nini?" Hakuna anayeuliza mtalala chini ya neti au la. Maoni yangu ni kwamba tunafunga mzigo vibaya, na shida si ukosefu wa doo. Tunapakia vitu vya kupigia picha, halafu mwili unajitegemea.

Tuanze na nguo, kwa sababu najua hapo ndipo macho yenu yako. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Julai hapa sweta si fasheni, ni lazima. Mombasa iko pale pale kwa maji, na kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 hivi. Hewa nayo ina unyevu, kwa hivyo jasho halikauki. Ile jinzi nzito inayobana iache nyumbani. Beba pamba nyepesi: tisheti tatu, kaptura mbili, dera moja. Sweta ni moja tu, ya basi la usiku. Na ule mkebe wa Arimis unaotuokoa na baridi ya asubuhi, huko utakufanya ung'ae kama mandazi. Nafasi yake weka mafuta ya kukinga jua. Ndiyo, hata ngozi nyeusi huungua.

Hivyo vyote utavipata mitumbani bila kuumia. Kwa hivyo naomba mtu asikope kwa simu ili anunue nguo za siku nne. Utarudi huku kwa ukungu, nguo zikae kwa sanduku, na deni liendelee kukupigia simu kila asubuhi.

Sasa kile kitu muhimu kuliko vyote: malaria. Huku kwetu mlimani baridi huwazuia vimelea wa malaria kukua vizuri ndani ya mbu, ndiyo maana wengi wetu tumefika miaka ishirini bila kuugua hata mara moja. Tunaona ni bahati, na kwa kweli ni bahati, mpaka siku unashuka Pwani. Mtu aliyekulia Kwale na kuugua mara kadhaa anaweza kuwa na kinga kiasi. Wewe huna. Mwili wako haujawahi kukutana na kitu kama hicho. Yaani sisi ndio tunafaa kuogopa zaidi, na sisi ndio tunalala dirisha wazi tukisema joto limezidi.

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Beba mafuta ya kufukuza mbu, nguo ya mikono mirefu ya jioni, na neti iliyotiwa dawa kama mnakolala hakuna. Kabla ya safari, pita kliniki uulize kuhusu dawa za kuzuia malaria, hasa kama una mimba au unaenda na mtoto mdogo.

Halafu sikilizeni hapa. Dalili haziji ukiwa bado ufuoni. Huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki mbili hivi. Wakati huo umesharudi Nyeri, kuna manyunyu, unatetemeka na kichwa kinauma. Mathe anasema ni homa ya baridi, kunywa tangawizi ulale. Tafadhali usilale. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme, "Nilikuwa Pwani." Usiposema, huenda hakuna atakayefikiria kukupima malaria, na ile kali inaweza kuua kwa siku chache.

Vitu vingine ni vidogo. Beba chupa yako ya maji, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Beba pia zile sandak za matope. Maji yakitoka, chini kuna matumbawe na viumbe vyenye miiba, na miguu mitupu italipa.

Mwisho, acha nafasi ya leso. Ukifika Mombasa, nenda Biashara Street ununue doti moja. Leso ni taulo, ni shuka, ni mkeka wa ufuoni, na ni heshima. Mji wa Kale na Lamu si studio zetu. Watu wanaishi pale, wanaenda msikitini, wanalea watoto. Ukitoka kuogelea na unapita mitaani kwao, jifunge leso. Wanaume, kikoi kinafanya kazi hiyo hiyo. Mgeni akija kwa nyanya yako Othaya akiwa nusu uchi, mngesema nini?

Kwa hivyo wale wa Disemba, kabla ya kuulizana rangi za nguo, mmoja kwenye grupu aulize: nani ana neti? Akinyamaza kila mtu, basi bado hamjafunga mzigo.