Kinyonga wa Itombwe: foto inaweza kumuokoa, inaweza pia kumuuza

Kwenye vijiji vingi vya milima ya Kivu, kinyonga akionekana njiani watu wanatafuta fimbo. Wamoja wanasema analeta mkosi, wengine wanasema ana sumu. Sumu hana. Siku hizi, mkononi muko pia telefone, na kijana anaweza kupiga foto pahali pa kupiga fimbo. Ni hatua nzuri. Lakini foto hiyo inaenda wapi kisha?

Swali hili linagusa sana Itombwe, katika Kivu ya Kusini, hifadhi ya asili tangu mwaka 2006. Mwaka 2017, kundi la watafiti, mmoja wao Chifundera Kusamba wa kituo cha Lwiro, walitangaza kinyonga mupya: Kinyongia itombwensis. Kumbe wakaaji walikuwa wanamuona siku zote. Ni vitabu tu vilivyokuwa vinamuhesabu pamoja na ndugu yake wa Ituri, kwa jina moja.

Kutoa jina kunaomba kazi kuliko foto: kupima mwili, kuchunguza ADN. Foto ina kazi ingine. Inaonyesha kama mnyama angali anaishi fasi fulani, hata kule ambako watafiti hawafiki sababu ya vita. Mkulima wa Mwenga ao Fizi mwenye telefone anaweza kuleta habari ambayo hakuna ofisi inayo.

Ili foto iwe na maana, mnyama abaki pahali pake. Kinyonga anapatikana kwa urahisi usiku: analala kwenye ncha ya tawi, rangi yake inapauka, na tochi ikimupiga anaonekana wazi. Ukimukamata kwa mkono anaogopa, na mara nyingi rangi inageuka nyeusi. Hapo unapiga foto ya woga wake; rangi yake ya kweli haionekani tena. Foto mbili tatu, kisha kumuacha alale.

Hatari inaanza kisha. Telefone nyingi, kama mtu hakufunga ile sehemu ya kuonyesha mahali alipo, zinaandika ndani ya foto pahali kamili ilipopigwa. Na mtu akituma foto kwa WhatsApp kama dokima, habari hizo zote zinaenda pamoja nayo. Kwa mfanyabiashara wa wanyama, hiyo ni sawa na ramani.

Si hofu ya bure. Mwaka 1999, watafiti walitangaza mjusi mumoja wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii, na pahali anapoishi. Wawindaji walifuata maandiko hayo, mpaka mjusi akaisha pale pale alipogunduliwa. Congo iko ndani ya mapatano ya CITES tangu 1976, na kinyonga wa aina hii hawezi kuvushwa mpaka kwa biashara bila kibali. Lakini kibali hakizuie mtu kupita porini na mfuko.

Njo maana foto ya kuonyesha watu wote iandikwe tu «Itombwe» ao «Kivu ya Kusini», bila jina la kijito wala kilima. Pahali kamili papewe watafiti ao walinzi wa hifadhi. Kwenye iNaturalist, ambako watu wa dunia yote wanaweka foto za wanyama, mtu anaweza kuficha pahali halisi.

Kuko pia usalama wa mwenye kupiga. Kwenye maeneo yenye watu wa silaha, mtu anayetembea na kamera usiku anaweza kuzaniwa mpelelezi. Kumujulisha chifu mbele ya kutoka, na kuacha nje ya foto watu, barabara na kambi, kunaweza kuokoa maisha.

Kwa nyoka, mambo ni mengine: foto ni ya mbali, na mtu asimukaribie hata akionekana amekufa. Aliyeumwa akimbizwe hospitali. Hakuna kupoteza wakati kwa kutafuta foto.

Kinyonga akiuzwa, faida inabaki mbali. Kijiji kinabaki na tawi bila kitu, na foto ya mnyama ambaye watoto hawatamuona tena.