404 ya babu au 504 ya baba?

Wazazi wenzangu, wiki hii nimebanwa na jambo la nyumbani. Kule kijijini yamelala magari mawili chini ya mwembe: Peugeot 404 aliyonunua babu, na Peugeot 504 ya baba, ile ndefu ya safu tatu za viti. Pesa tulizochanga sisi ndugu zinatosha kufufua moja tu. Nyingine itauzwa.

Kaka mkubwa anataka 404, na simlaumu. Ilitoka mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia, na ule mkia wenye mapezi bado unageuza shingo za watu. Halafu kuna Safari Rally. Mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania akashinda kwa gari lilo hilo. Babu aliyasimulia hayo kama vile yeye ndiye aliyeshika usukani.

504 ilikuja 1968. Ilitajwa gari bora la mwaka Ulaya 1969, naye Ove Andersson akashinda nayo Safari mwaka 1975, lakini hayo hayanigusi sana. Ninachokumbuka ni Krismasi: sisi watoto nyuma, mabegi juu, kuku miguuni. Gari la namna hiyo ndilo lililokuwa teksi ya masafa marefu. Abiria saba kwa karatasi. Kwa macho, hesabu mwenyewe.

Nilimpeleka fundi. Injini zote mbili alizitazama dakika chache, kisha akalala chini ya magari nusu saa nzima. Sakafu ya 404 imeliwa na kutu pale pale viti vinaposhikilia. Breki zake za mbele ni za ngoma; za 504 ni za diski. Mikanda ya nyuma? Hakuna, kwa zote mbili.

Mtaniambia sisi tulibebwa hivyo na tukafika. Kweli, tulifika. Dada yangu alifika na kovu la paji la uso, kwa breki moja tu ya ghafla, na mbele yetu alikuwa mbuzi.

Kwa hiyo nimepiga kura yangu kwa 504, kwa sharti moja: kabla ya rangi, kabla ya redio, ifungwe mikanda kila kiti, na ishikwe kwenye chuma cha mwili, si kwenye bati. Hadi hapo, watoto wangu hawapiti nayo getini, walie wasilie.

Jioni nikampigia baba kumweleza. Alinyamaza kidogo.

“Sawa, mwanangu. Na ya babu yako mnamuuzia nani?”

Bado sijamjibu.