Vikoba vya Songwe vijiandae kwa dharura

MEI 2020, Zambia ilifunga kwa muda mpaka wa Nakonde kutokana na Covid-19. Wafanyabiashara wadogo wa Tunduma walipata somo: mpaka ukifungwa mauzo husimama, lakini tarehe ya kurejesha mkopo wa kikoba haisogei.

Viongozi wa vikoba hujitolea, na nguvu ya kikundi ni kukutana. Hisa hununuliwa na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu. Ugonjwa wa kuambukiza huzuia mikusanyiko hiyo hiyo.

Kutuma hisa kwa simu kunasaidia. Hata hivyo, fedha zikiingia kwenye simu ya mweka hazina peke yake, ulinzi wa funguo tatu umekwisha.

Kwa hiyo wachuuzi wa Tunduma na wakulima wa kahawa na mahindi wa Mbozi waandike katika katiba zao mambo matatu: nani atapokea fedha kwa simu na nani watahakiki, marejesho yatasogezwa kwa muda gani, na mfuko wa jamii usikopeshwe, ubaki wa ugonjwa na msiba.

Kanuni hizo zipitishwe sasa, wanachama wakiwa wazima na mpaka ukiwa wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.