Ujenzi wa maghorofa Kariakoo

Kariakoo ni kata ya jiji la Dar es Salaam, Tanzania, na ni kitovu cha biashara ya jumla na rejareja nchini. Wafanyabiashara wa mikoani, wakiwemo wa Nyalikungu wilayani Maswa na miji mingine ya Simiyu, hufuata huko nguo, viatu, vyombo na vifaa vya umeme. Katika miongo ya karibuni nyumba nyingi za chini zimebomolewa na maghorofa kujengwa mahali pake. Mabadiliko hayo yameongeza nafasi za biashara, lakini yamezua pia swali la usalama wa wanaofanya kazi ndani yake.

Asili

Jina linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chini ya utawala wa Waingereza mji uligawanywa kwa kanda, na Kariakoo ikawa eneo la Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuitenganisha na sehemu ya Wahindi.

Viwanja vilipimwa vidogo, kila kimoja kikitosha nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba aliweza kukaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki.

Soko Kuu la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Lina sehemu ya chini ya ardhi, maarufu kama shimoni, ambayo ilikuwamo katika ramani tangu mwanzo. Soko hilo liliungua tarehe 10 Julai 2021.

Umiliki na ubia

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99.

Njia iliyoenea Kariakoo ni ubia: familia yenye nyumba ya zamani hutoa kiwanja, mwekezaji hutoa fedha, kisha hugawana ghorofa. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu sehemu za jengo moja kuwa na hati tofauti. Hivyo familia huweza kubaki na mali mahali pale pale.

Fremu zinazotazama barabara ndizo zenye kodi kubwa, kwa kuwa wateja wengi hawapandi ngazi. Kwa sababu kiwanja hakitanuki, mwenye jengo hupata kishawishi cha kugawa fremu ndogondogo, kuongeza ghorofa juu ya zile za kibali, au kuchimba chini ya jengo ambalo tayari lina watu.

Usalama

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa la biashara liliporomoka Kariakoo kwenyewe na kuua zaidi ya watu 20. Taarifa za siku zile zilitaja kazi ya uchimbaji sehemu ya chini. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na wahandisi, wabunifu majengo na makandarasi husimamiwa na bodi zao. Tatizo hubaki baada ya jengo kukamilika. Mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, lakini si rahisi kwake kujua nguzo ipi imeguswa. Anayepata faida ya nafasi mpya ni mwenye jengo. Anayekaa chini ya zege ni muuzaji, kibarua na mteja.

Miji inayokua

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na miji yake, kama Bariadi na Maswa, bado ina nyumba nyingi za chini. Kariakoo inaonyesha kwamba kiwanja kilichopimwa kwa nyumba moja hakigeuki kiwanja cha ghorofa kwa sababu tu bei yake imepanda. Njia ya gari la zimamoto na upana wa mtaa hupangwa kwa gharama ndogo kabla ya majengo kuliko baada yake. Ukaguzi nao hauna budi kurudiwa kila matumizi ya jengo yanapobadilika.