Leteni Chama Nyumbani

Ukitaka kuingia kwenye mkutano wa wanafalsafa wa kifeministi, kabla hujaulizwa unafikiri nini, utaulizwa unatoka chuo gani. Fomu ina jina, ina barua pepe, halafu ina ile nafasi yenye kinyota chekundu: taasisi. Ukiiacha wazi, fomu inagoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu baada ya karo kunishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika: wasifu wa mheshimiwa fulani, makala ya mtu mwingine, maneno ya tangazo la unga. Falsafa naisoma usiku kwa simu. Mwaka jana niliandika "sina" kwenye ile nafasi, na waandaaji wa mkutano mmoja wa ng'ambo wakanijibu kwa adabu sana kwamba punguzo la ada ni la wanafunzi wenye barua ya chuo. Asiye na barua alipe ada kamili, sawa na profesa.

Sitaki huruma. Nataka tugombane kuhusu jambo kubwa kuliko mfuko wangu. Mitandao hii ilianzishwa na watu waliofungiwa nje. Leo imejenga mlango wake, na mlangoni imeweka soja.

Tukumbushane ilikotoka. Mwaka 1972 wanawake Marekani walianzisha Society for Women in Philosophy, au SWIP. Idara za falsafa wakati huo zilikuwa za wanaume, kazi zilipatikana kwa kujuana, na mwanamke aliyeleta swali kuhusu ubakaji, kulea mtoto au kazi za nyumbani aliambiwa hiyo si falsafa, hayo ni mambo ya jikoni. Wakajipanga kwa kanda, wakaanza kukutana na kusomeana kazi zao. Miaka hiyo hiyo ya 1970 wenzao Ujerumani wakaanzisha chama cha kimataifa cha wanafalsafa wanawake, IAPh. Miaka ya 1980 likaja jarida la Hypatia. Hao akina mama nawaheshimu. Bila wao, yale mambo ya jikoni yasingefika darasani.

Lakini hebu tulitazame hilo jina, Hypatia. Alikuwa mwanamke wa Alexandria, Misri, mwalimu wa hisabati na falsafa, aliyeuawa na kundi la watu mwaka 415. Kwa anwani, alikuwa mtu wa bara hili. Leo msichana wa Alexandria akitaka kwenda Ulaya kusoma makala yake mbele ya wanafalsafa wenzake, aanze kwa kupanga foleni ya viza.

Na foleni hiyo si mzaha. Kuomba viza ya Schengen ni euro 90, kama shilingi 13,000 hivi, na ukinyimwa hazirudi. Agosti 2024 Kongamano la Dunia la Falsafa lilifanyika Roma, na mada yake kuu ilikuwa falsafa kuvuka mipaka. Manze, kuvuka mipaka! Tangu lile la kwanza la Paris mwaka 1900, makongamano hayo yamefanyika mara 25. Afrika halijawahi kufika hata mara moja. Linalofuata ni Tokyo. Unaweza kuniambia hilo ni kongamano la wanafalsafa wote, si la wafeministi. Sawa. Lakini wafeministi ndio waliotufundisha kuuliza nani hayuko chumbani. Kwa nini mikutano yao wenyewe inafuata ramani ile ile ya viwanja vya ndege?

Sasa kuna msomaji anayesema, kwani hii inanihusu nini? Wasomi wakutane watakako, mimi nalipa rent. Nitakujibu kwa hadithi ya Nairobi, na ni hadithi ya kweli.

Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa tatu wa dunia kuhusu wanawake hapa KICC. Kando yake kulikuwa na jukwaa la mashirika katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu zaidi ya 10,000 walijaa pale. Wanawake wa kila bara waliketi kwenye nyasi za kampasi wakibishana kuhusu amani, kazi, ardhi na mwili. Ulikuwa mkutano mkubwa kuliko yote ya aina yake kufikia wakati huo, na ulikuwa kwetu.

Mwaka mmoja na nusu baadaye wakili S.M. Otieno akafariki, Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema atazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi ikavuta nchi nzima. Na unajua ni nani alitoa ushahidi kwa upande wa ukoo? Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alieleza mila za Waluo kuhusu kifo na maziko. Sisemi yeye ndiye aliyeamua kesi, majaji ndio walioamua. Mei 1987, miezi 5 baada ya kifo, Otieno akazikwa Nyalgunga, na mjane hakupewa mwili wa mumewe.

Hapo swali la kifalsafa lilikuwa na jeneza ndani yake. Mke ni nani kwa mume? Mtu aliyekufa ni wa nani? Mila ni ya nani, na nani ana haki ya kuieleza mbele ya jaji? Falsafa iliingia mahakamani na ilikuwa na upande. Wale wanawake wa 1985 walikuwa wamekunja hema na kurudi makwao. Hawakuacha nyuma chumba ambamo mwanafalsafa mwanamke wa Kenya angeweza kusimama siku ile na kusema, profesa, mimi naisoma mila hii kwa njia nyingine.

Hiyo ndiyo sababu hili linakuhusu. Mtandao ni chumba kinachobaki baada ya wageni kuondoka. Sisi tulipata wageni, chumba hatukupata.

Sasa nimtetee Oruka kidogo, maana ndiye shahidi wangu bora. Alikwenda vijijini kuhoji wazee ambao hawakuwa na digrii, akasikiliza jinsi wanavyopima na kupinga mawazo ya jamii zao, na akatangaza kwamba hawa ni wanafalsafa. Kitabu chake, Sage Philosophy, kilitoka 1990. Kwa maneno mengine, mchango mkubwa zaidi wa Kenya kwa falsafa ya dunia ni kufuta ile nafasi yenye kinyota. Shida ni kwamba wazee hao karibu wote walikuwa wanaume.

Ona basi tulipo. Oruka aliufungua mlango wa taasisi, wakapita wanaume. SWIP na wenzao waliufungua mlango wa jinsia, wakapita wenye barua za chuo. Msichana wa Kayole asiye na barua amebaki kwenye korido katikati ya milango miwili, na kila mlango una bango la kumkaribisha.

Na hao walio ndani wanakosa mengi. Chukua lugha. Wafeministi wanaoandika Kiingereza wamemaliza kurasa nyingi wakipambana na "he" na "man", maneno ya kiume yanayojifanya ya wote. Kiswahili hakina hiyo vita. Tuna "yeye", tuna "mtu", na huwezi kujua jinsia mpaka uambiwe. Mnigeria Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí aliandika The Invention of Women mwaka 1997 akitumia hoja kama hiyo kutoka Kiyoruba: kwamba kabla ya ukoloni umri ndio uliopanga watu, jinsia haikuwa msingi. Mtu wa pwani anayeamkia "shikamoo" ataelewa mara moja.

Lakini ngoja. Kiswahili hicho hicho, kisichojua "he" wala "she", kinasema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Kwenye kiwakilishi tuko sawa, kwenye kitenzi mmoja anatenda na mwingine anatendwa. Sasa lugha yetu ina usawa au haina? Oyěwùmí angejibuje? Hapo kuna mkutano wa siku tatu, na hauwezi kufanyika kwa Kiingereza maana Kiingereza hakina hilo tatizo. Ongeza Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858, akiwa mgonjwa, kumfundisha mke aishi vipi na mumewe. Kuna wanaousoma kama utii mtupu, na kuna wanaouona kama maarifa ya kuishi chini ya nguvu za mtu mwingine. Huyo naye hakuwa na barua ya chuo.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: siku hizi kuna Zoom. Kweli, Zoom imesaidia. Lakini bando ninunue mimi, saa wachague wao, na kazi na urafiki vinapatikana kwenye chai baada ya kikao, wakati mimi tayari nimeona "mkutano umefungwa na mwenyeji".

La pili: kuna ufadhili wa usafiri kwa watu wa Kusini. Upo, na unamchukua mtu mmoja au wawili, halafu huyo mmoja anawekwa kwenye jopo la "mitazamo ya Afrika" asubuhi ya siku ya mwisho, watu wakiwa wanaburuta mabegi. Mgeni wa kufadhiliwa hapangi ajenda.

La tatu linatoka kwetu, kwa wale wanaume wa mtandaoni na wazee wa makanisa: ufeministi ni kitu cha wazungu. Wambui Otieno hakuhitaji mzungu kumwambia amzike mumewe. Januari 27, 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na huku wakiandamana watu walikuwa bado wanauliza marehemu alifuata nini kwenye nyumba ya kukodi. Miranda Fricker, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika kitabu mwaka 2007 kuhusu dhuluma ya mtu kutoaminiwa kwa sababu ya jinsi alivyo. Wale wasichana barabarani walikuwa wanaijua hiyo dhuluma kwa ngozi. Mmoja wao akitaka kuiandika, aipeleke wapi?

La nne ni viwango. Eti ukiondoa taasisi kila mtu ataingia na porojo. Soma kazi basi! Makala mbovu inajulikana kwa kusomwa, na maprofesa wenye taasisi wameandika porojo za kutosha.

Kielelezo tunacho tayari, hata hakihitaji ufadhili. Mama yangu yuko kwenye chama. Kila mwezi wanachanga, kitita kinakwenda kwa mmoja, na kikao kinafanyika kwake. Zamu inazunguka mpaka kila mtu apate. Mkikaa kwa mtu mnaona paa linavuja, mnajua ana mgonjwa chumba cha pili, na mkianza kuzungumza mnazungumza mkiyajua hayo. Mikutano ya falsafa ya kifeministi imekuwa chama ambacho kila mwezi kikao kiko kwa mwanachama mmoja tajiri, na wengine wanachangia nauli.

Kwa hiyo, enyi waandaaji, zungusheni. Kila duru ya tatu, angalau, iwe Nairobi, Dakar, Kampala au Mombasa, na ninyi ndio mpange foleni ya viza. Futeni kinyota. Ada ifuate kipato, isifuate barua. Na makala ya Kiswahili isomwe kwa Kiswahili, mkalimani alipwe. Umoja wa Afrika unakitumia kama lugha ya kazi. Kikao cha watu 80 hakiwezi kushindwa.

Na sisi wa huku tusikae tukingoja barua pepe. Idara za falsafa za hapa zina kumbi ambazo hukaa tupu Jumamosi; zifunguliwe kwa asiye mwanafunzi. Sisi wenyewe tuna simu zenye kinasa sauti, na tuna nyanya na shangazi ambao Oruka hakuwafikia. Tuwahoji kama alivyohoji yeye: tuwapinge, tuwaache watupinge, tuandike. Tuanze na lile swali la kitenzi. Muulize shangazi yako aliolewa au alioa, na ukae chini, maana jibu halitakuwa fupi.