Bando Unalilipia Wewe, Basi Nalo Likulipe

Wafanyabiashara wenzangu, leo nataka tubishane kidogo.

Kuna maneno yamezoeleka sana: "Acha kuperuzi, fanya kazi." Mimi sikubaliani nayo. Sisi tunaouza mtandaoni, simu ndiyo duka, ndiyo stoo, ndiyo ofisi. Kwangu mimi shida ipo pengine kabisa. Unaona kitu cha maana, unasema "duh, kumbe!", unakisevu, halafu hukigusi tena. Ikifika mwisho wa mwezi umemaliza bando, na biashara iko palepale.

Msimamo wangu ni huu: ulichokiokota mtandaoni kinaanza kuwa na thamani siku unapokijaribu kwenye biashara yako. Kabla ya hapo ni burudani tu.

Nauza mashuka na mapazia. Vitu vifuatavyo niliviokota nikiperuzi, na mpaka leo vinanisaidia. Vyote ni vya bure.

1. Linki ya WhatsApp. Mteja akiona namba yako Instagram, inabidi ainakili, aisevu, ndipo akutafute. Wengi wanaishia njiani. Sasa andika wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, bila ile 0 ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Iwe hivi: wa.me/2557XXXXXXXX. Weka kwenye wasifu wako. Mteja akibonyeza tu, tayari yuko kwenye chati yako, hata kama hajasevu namba. Kazi ya dakika mbili.

2. Kutafuta kwa picha. Hii naiona ni mkombozi wa mtaji. Ukikutana na muuzaji wa jumla anayedai ana chimbo lake na bei ni ya kutupa, usikimbilie kutuma pesa. Chukua picha aliyoposti, ipakie kwenye Google Lens au TinEye, uone ilipotokea kwingine. Ukiikuta kwenye maduka kumi ya nchi tofauti, ujue hiyo picha hakuipiga yeye. Hapo usimwite tapeli moja kwa moja, maana wauzaji wengi halali wanatumia picha za kiwandani. Mwambie tu hivi: "Bosi, naomba video fupi ya mzigo wenyewe, pembeni weka karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo." Mwenye mzigo atakutumia. Asiye nao ataanza stori nyingi, mara yuko bandarini, mara simu imeharibika kamera. Mtaji wako umepona.

3. Namba ya eneo. Wote tunajua maelekezo ya wateja: "Shuka kituo cha mwisho, nyoosha mpaka kwenye mwembe, ulizia kwa mama fulani." Bodaboda anazunguka, anapiga simu mara sita, mwisho anadai nauli ya kuzunguka. Google walitoa kitu kinaitwa Plus Code. Mteja afungue Google Maps, abonyeze na kushikilia pale alipo, kitatokea kikodi kifupi cha herufi na namba chenye alama ya + katikati, na jina la eneo. Akutumie hicho. Dereva anakiandika kwenye sehemu ya kutafuta ya ramani, kinampeleka hapohapo, hata kama mtaa hauna jina. Ninachokipendea zaidi, unaweza kukiandika kwa kalamu juu ya mzigo. Dereva akibadilishwa njiani, maelekezo yanabaki na mzigo.

4. Maktaba ya matangazo ya Meta. Kabla hujalipia tangazo hata la shilingi 5,000, ingia uone wenzako wanatangazaje. Iko wazi kwa kila mtu. Unachagua nchi, unaandika neno, mfano "mapazia", unaona matangazo yanayoendelea sasa hivi Facebook na Instagram, na tarehe yalipoanza. Mimi naangalia ile tarehe. Mtu mwenye akili hawezi kulipia tangazo miezi mitatu kama halimletei wateja. Usinakili maneno yake. Angalia ameanza na nini: bei, picha, au kumpelekea mteja mpaka mlangoni.

5. Karatasi ya manila. Picha za bidhaa zinatoka giza upande mmoja? Weka bidhaa karibu na dirisha mchana, zima taa, halafu simamisha manila nyeupe upande ule wenye kivuli. Nyeupe inarudisha mwanga, kivuli kinapungua, na rangi ya shuka inaonekana ilivyo. Wanaouza nguo mnajua hasara ya mteja kurudisha mzigo kwa sababu "kwenye picha ilikuwa rangi nyingine".

Sasa tuje upande wa pili, maana sitaki mtu aseme nimesifia mtandao tu. Kuna vitu vinasambaa kila siku, vinapendwa na watu kibao, na ni hasara tupu. Mfano ni ule wa simu ikiingia maji uizike kwenye mchele. Apple wenyewe wamewaambia wateja wao wasifanye hivyo, kwa sababu vipande vidogo vya mchele vinaweza kuiharibu simu. Wanasema igonge taratibu kwenye kiganja, sehemu ya kuchajia ikiangalia chini ili maji yatoke, halafu iache mahali pakavu penye hewa. Fikiria wewe ambaye simu ndiyo duka, unaua duka lako kwa ushauri wa mtu usiyemjua.

Ndiyo maana nina sheria tatu, na nawashauri mzichukue.

Moja, nikiokota kitu kipya nakijaribu ndani ya siku mbili. Zikipita nakifuta. Simu si makumbusho.

Mbili, nakijaribia kwenye kitu kidogo. Bidhaa moja, mteja mmoja, picha moja. Kikishindikana, mtaji hauyumbi.

Tatu, sinunui "siri". Kuna watu wanauza mafunzo ya "siri 20 za kuuza mtandaoni" kwa shilingi 30,000, na ukifungua unakuta ni linki ya WhatsApp na namna ya kupiga picha dirishani. Sisemi mafunzo yote ni mabaya, kuna walimu wazuri. Lakini kabla hujatoa hela, andika hilo swali lako kwenye Google au YouTube, tena kwa Kiswahili. Tumia nusu saa kulitafuta. Hiyo 30,000 kwa wengi wetu ni mzigo wa wiki.

Kwa hiyo anayekukuta umeinamia simu akakwambia unapoteza muda, usigombane naye. Muoneshe ulichokijaribu wiki hii. Kama huna cha kumuonesha, basi hapo ana haki ya kusema.

Leo chagua kimoja tu kati ya hivyo vitano, kijaribu kabla hujalala. Na kama wewe umeokota chako kinachokulipa, tupia hapa chini na wenzako wafaidike.